Ada ya Kiti

Jambo lote liligharimu ng'ombe mmoja wa maziwa, mbuzi tisa, msimu mzima wa majembe ya akina mama, na kidato cha kwanza kimoja, ambacho kilikuwa changu. Nimehesabu mara mbili. Mara ya tatu nimejizuia, maana najijua: mimi ni mtu wa soko, nikihesabu mara ya tatu naongeza kitu.

Sikuwa na nia ya kuyafungua haya. Lakini wiki iliyopita nililetewa dukani kwangu Kikima bahasha nene kutoka Ulaya, na kabla sijaipasua nikasikia harufu yake, kali, kama utomvu wa mti uliokatwa asubuhi. Nikaisukuma chini ya kaunta. Nikamuuzia mama mmoja blanketi, tukavutana bei mpaka akanuna, akarudi, akanuna tena, na muda wote ule mimi sikuwa Kikima. Nilikuwa Kilungu, nyumbani kwetu mlimani, mtoto wa miaka minane hivi, nimeingiza mkono kwenye mfuko wa koti la kaka yangu Mutua na kutoa kipande cha kitu cha kahawia kinachong'aa. Sukari nguru, nikajiambia. Nikakiuma kwa nguvu zote.

Meno yakagandana. Mwaitu, ndivyo tunavyomwita mama kwetu, alinitoa kile kitu mdomoni kwa kidole chake kilichokauka kwa kusokota katani, huku akiuliza ni nani aliyenifunza kula mawe. Mutua alicheka mpaka akakaa chini.

"Hiyo ni chakula ya besi," akasema. "Si yako. Wewe ngoja githeri."

Ndipo akanionyesha. Alikuwa na fimbo nyembamba iliyofungwa nywele za mkia wa farasi, akazisugua kwa kile kipande mpaka unga mweupe ukaruka, nao ndio uliokuwa na ile harufu. Bila unga huo, alisema, nywele huteleza juu ya nyuzi na besi hunyamaza kama mtu aliyenuniwa.

Besi yenyewe haikuwa yetu. Ilikuwa ya shule ya misheni aliyosoma Mutua, ambako mwalimu mmoja Mzungu alikuwa ameleta fidla ndogo nne na hiyo moja kubwa, kubwa kuliko mlango wa jiko letu. Wavulana wote walizikimbilia zile ndogo. Mutua alipewa kubwa kwa sababu moja tu: alikuwa mrefu. Alichaguliwa kwa kimo. Sikio lilikuja baadaye, na lilipokuja, lilikuja lote.

Likizo moja aliruhusiwa kuja nayo nyumbani. Wanaume wanne waliipandisha mlima kwa kijia cha miguu, wameifunga blanketi na kuilaza juu ya ngazi, na kila boma walilopita watu walitoka nje wakiwa wamevua kofia, wakiuliza kwa sauti ya chini, "Ni nani huyo mgonjwa?" Babu yetu, tuliyemwita Umau, alitembea mbele akijibu kila mtu, "Si mgonjwa, ni mgeni." Kufikia jioni mlima wote ulijua kwamba kwetu kuna mgeni asiyekula.

Nawaambia ninyi wa rika langu mliokua na redio ya betri moja inayokohoa: hamjawahi kusikia kitu kama kile. Haikuingia masikioni. Iliingia kwa nyayo. Mutua alisimama uani, akaikumbatia ile besi kama mtu anayemshika mlevi asianguke, akavuta ile fimbo mara moja, polepole, na kuku wote wakaondoka. Mimi nilikaa chini nikauweka mgongo wangu kwenye ule ubao. Tumbo langu likatetemeka, mbavu zikatetemeka, hata jino langu lililokuwa likilegea likatetemeka. Nilidhani ndani mna ng'ombe. Nilimuuliza Mutua humlisha saa ngapi.

Kila likizo baada ya hapo nilikuwa mtu wake. Nilimshikia kurasa zisipeperushwe na upepo. Nilijifunza kuhesabu kwa sababu yake, kwani mchezaji wa besi, alinieleza, huhesabu kuliko wote: anaweza kukaa kimya hatua arobaini za wimbo, kisha apige sauti moja, na akikosea hesabu amewaharibia wote. Tulihesabu pamoja, mimi kwa vidole vya mikono na miguu. Hii tabia yangu ya kuhesabu kila kitu mara mbili, ambayo wanunuzi wangu wanailaani, nilipewa na yeye. Nasema hivi ili mjue nilimpenda kiasi gani.

Alipomaliza shule, yule mwalimu akamtafutia nafasi katika chuo cha muziki Ulaya. Karo wangelipa wao kule. Nauli na nguo za baridi ni sisi. Kanisa likaitisha harambee. Mbuzi wetu sita walikwenda. Mwethya wa Mwaitu, kikundi cha akina mama waliolimiana mashamba kwa zamu, walichukua vibarua kwenye mashamba ya watu msimu mzima, kila siku ya soko, wakatoa kila walichopata. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa anajua besi hulipwa na nani. Mchungaji aliwaambia Mutua atakuwa Mkamba wa kwanza kupiga chombo hicho mbele ya Wazungu, na hilo lilitosha. Sisi hutoa kwa kitu cha kwanza. Cha pili ndicho tunachokiulizia bei.

Siku ya kuondoka tulimsindikiza mpaka njia panda ya barabara ya Mombasa. Alinivuta kando.

"Kalondu, wewe soma. Ukifika darasa la saba nitakuwa nimeanza kazi. Sekondari yako ni mimi. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema tena."

"Sekondari yangu ni wewe."

Alinifanya niseme mara mbili. Yeye mwenyewe.

Barua zilikuja kila baada ya miezi miwili au mitatu, na msomaji nilikuwa mimi, kwa sababu Mwaitu hakusoma, na baba yetu alikuwa amekufa kabla sijamjua sura, na Umau alisema macho yake yamestaafu. Nilisoma nikiwa nimesimama mlangoni penye mwanga, kwa sauti ya mchungaji. Mutua aliandika juu ya theluji, juu ya viazi, juu ya chumba cha kufanyia mazoezi kilicho chini ya ardhi kama ghala. Saa sita kila siku, alisema. Vidole vilipasuka, vikapona, vikawa vigumu kama visigino.

Nilikuwa darasa la saba, mtihani umekaribia, ilipokuja picha.

Ilikuwa picha ya wanafunzi wa chuo chake wakipiga muziki ukumbini. Mwaitu aliipangusa kwa kanga ingawa haikuwa na vumbi. Mimi nikahesabu watu. Thelathini na wanne wamekaa, kila mmoja na kiti chake. Mbele yao amesimama mtu mmoja ameinua kifimbo chembamba, uso umekunjamana. Na nyuma kabisa, ukutani, peke yake, amesimama kaka yetu na besi yake.

Mwaitu akanirudishia picha.

"Hesabu tena," Mwaitu akasema.

Nikahesabu tena. Thelathini na wanne.

"Wote wana viti?"

"Wote, Mwaitu."

"Isipokuwa wangu."

Lazima mkumbuke shule zetu zilikuwaje. Kusimama nyuma ya darasa kulikuwa na maana moja tu. Aliyesimama nyuma hakuwa amelipa. Alisimama hapo, mwalimu na kiboko chake mbele, mpaka jina lake lilipoitwa na yeye kutumwa nyumbani. Nilikuwa nimesimama pale mwenyewe mara tatu, na nilimjua yule mtu wa mbele hata kabla sijaambiwa ni nani: alikuwa mwalimu, na alikuwa karibu kuchapa mtu. Umau aliikaribia picha kwa macho yake yaliyostaafu, akasema, "Na wamemnyima kiti na mzigo wamemwachia aushike."

Mwaitu alinikalisha na kalamu. "Mwandikie. Muulize kwa nini amesimamishwa. Muulize ni pesa? Asifiche."

Niliandika hivyohivyo, neno kwa neno. Nikaongeza la kwangu chini: nimefanya mazoezi ya hesabu, nitapita.

Nikapita. Matokeo yalikuja nikaitwa shule moja ya wasichana upande wa Kitui. Mwaitu, ambaye hakuwa mtu wa kungoja ahadi hata ya mwanawe, alikuwa amejiandaa kimyakimya: ng'ombe wetu mmoja, na mbuzi watatu waliobaki, walikuwa wamekwisha kupata mnunuzi. Sanduku la bati la samawati lilikuwa tayari chini ya kitanda. Kila jioni nilifungua kifuniko na kukifunga, nisikie kinavyolia.

Kisha jibu likaja. Nililisoma mlangoni kwa sauti yangu ya mchungaji.

"Mwaitu mpendwa, ni kweli, ninasimama. Sikutaka mjue. Hapa kuna ada ya kiti. Asiyelipa hawezi kukaa na wenzake, na asiyekaa hawezi kumaliza." Kisha akataja kiasi. Kisha salamu kwa wote. Kwangu aliandika, "Kalondu, hongera, endelea na bidii."

Ile pesa, kwa bahati, ilikaribiana mno na ng'ombe mmoja na mbuzi watatu. Leo nikiona bei inakaribiana hivyo na kilichomo mfukoni mwangu, naondoka kwenye duka hilo. Siku ile nilikuwa na miaka kumi na minne.

Mwaitu hakuamua peke yake. Hilo ndilo ningependa lingekuwa tofauti. Alinigeukia, akasema, "Wewe ndiye umesoma barua. Unasemaje?"

"Atafukuzwa?" nikauliza.

"Wewe ulisimama nyuma. Ulifukuzwa?"

"Mara tatu."

"Basi."

Nikasema atumiwe. Nilisema kwa kifua, kama mtu mzima, nikijisikia mkubwa kuliko wasichana wote walioitwa Kitui. "Mwaka mmoja tu," Mwaitu akasema. "Kaka yako akishakaa, atakuinua." Mtu mwenye hesabu kali ataniambia kwamba pale mwanzoni nimemdai mara mbili, kwa kuwa ng'ombe, mbuzi watatu na kidato cha kwanza ni kitu kilekile. Sawa. Mimi nilipoteza mara mbili, nimeandika mara mbili.

Barua iliyofuata ilikuwa fupi. "Asanteni. Sasa nakaa." Mwaitu aliipeleka shambani kwa mwethya, akaniamuru niisome juu ya kichuguu wote wasikie. Waliimba. Mama mmoja alilia. Mimi pia nilicheza, jembe mkononi. Mwaka ukaisha, shule ikampa mwingine nafasi yangu, na sanduku la samawati likaanza kuwekewa mahindi.

Niliingia biashara. Nilibeba vyondo, vikapu vya katani vya akina mama wa kwetu, mpaka Nairobi, nikajifunza kumtazama mtu viatu kabla ya kumtajia bei. Alasiri moja nilikuwa nimepanga vyondo vyangu kando ya ukumbi mkubwa ambako wanamuziki kutoka Ulaya walikuwa wakifanya mazoezi ya onyesho lao. Mlango wa pembeni ulikuwa wazi kwa ajili ya joto. Nikaisikia. Kwa nyayo, kama zamani, kupitia lami.

Askari wa mlangoni alikuwa Mkamba mwenzangu, wa Matinyani, nilimtambua kwa salamu. Nikamwomba nichungulie.

"Ukinunua tiketi."

"Nitakuachia kyondo kimoja nusu bei."

"Chungulia lakini usikohoe."

Walikuwa wengi mno, mia hivi. Na nyuma kabisa, upande wa kulia, kulikuwa na besi saba. Nikahesabu. Nikahesabu tena. Besi saba, watu saba, wote wamesimama. Mmoja alikuwa na mvi kichwa kizima, babu wa watu, naye amesimama.

"Hawa wamekosa nini?" nikamuuliza askari.

"Akina nani?"

"Wale wa nyuma. Mbona wamenyimwa viti?"

Alinitazama kama mtu anayejiuliza kama kyondo kile alichopewa ni kizima. "Mama, chombo ni refu kushinda mtu. Utapiga namna gani ukiwa umekaa kwa kiti ya kawaida? Hao wanasimamanga. Ndiyo kazi yao. Kila mwaka wakija ni hivyo."

"Hata wakilipa?"

"Walipe nani? Wao ndio wanalipwa."

Nilirudi kwenye vyondo vyangu. Mtalii mmoja aliuliza bei nikamwambia bei halisi, ya kwanza na ya mwisho. Sijawahi kufanya hivyo kabla wala baada.

Mutua alikuja mara moja tu katika miaka hiyo, kumzika Umau. Wakati huo alikwisha kuajiriwa katika okestra kubwa, besi ya tano, halafu ya tatu. Alitueleza vyeo vyake na akina mama wakaitikia kila kimoja kwa vigelegele. Alikuwa amevaa koti refu jeusi, na mikono yake ilikuwa na ile harufu. Nilingoja wageni wapungue, nikamkuta nyuma ya ghala.

"Nimewaona wenzako Nairobi," nikamwambia. "Saba. Wote wamelipa ada ya kiti, lakini naona viti havijafika."

Hakujifanya haelewi. Hilo nampa.

"Nilihitaji fimbo," akasema. "Ile ya chuo ilikuwa imepinda. Kulikuwa na usaili wa kazi, na mwalimu wangu alisema kwa fimbo ile nisijisumbue. Nzuri ilikuwa bei ya ng'ombe, Kalondu. Fimbo moja. Ningewaandikia nini? Niwaambie nataka kijiti cha bei ya ng'ombe? Umau angenichongea kimoja kabla ya jua kuzama, akanitumia kwa posta, na mngenicheka mpaka leo."

Na ni kweli. Umau angechonga. Angekipiga msasa mpaka king'ae. Nilitaka kucheka, nikakasirika zaidi kwa sababu nilitaka kucheka.

"Kwa hiyo tulipouliza kuhusu kusimama..."

"Nyinyi ndio mlinipa wazo. Mimi nisingeweza kulibuni."

"Ulijua pesa ile ni ya nini?"

Akaangalia viatu vyake, vizuri sana, nikajua bei yake.

"Ulikuwa umeniandikia utapita," akasema. "Nilijua."

"Na ile 'sasa nakaa'?"

"Nilidhani ingemfurahisha Mwaitu."

"Ilimfurahisha."

"Nitakulipa, Kalondu."

"Sema tena," nikamwambia. Hakusema. Akaitwa kula, akaenda.

Sitamsingizia. Alimjengea Mwaitu nyumba ya mabati, alilipa hospitali zote. Mimi nilitumiwa kadi za Krismasi, zenye theluji. Naye Mwaitu alikufa mwaka juzi akiwa bado anawasimulia wakwe zake jinsi mwanawe alivyosimamishwa nyuma na Wazungu, na jinsi ng'ombe wake alivyomkalisha. Nilikaa pembeni ya kitanda nikiitikia, "Ndiyo, Mwaitu, alikaa." Uongo wa Mutua niliusoma mara mbili kwa sauti yangu, halafu nikaulinda miaka yote ile bila hata kuombwa.

Jioni ile ya bahasha nilifunga duka mapema nikaifungua. Vidole vyake vimekwisha, ameandika. Viwili vya mkono wa kushoto havisikii tena nyuzi, na besi bila vidole hivyo ni kabati. Amestaafu. Alifika besi ya pili. Ya kwanza hakuipata. Amepiga katika miji ambayo mingine hata jina amesahau, na katika yote hiyo, anasema, hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini amesimama. Anaiuza ile fimbo. Imepanda bei sana, kwa kuwa waliozitengeneza wamekufa. "Pesa yake ni yako," ameandika. "Lakini sitaki kukutumia tu. Wewe ni mtu wa bei. Niambie nilichokula ni cha thamani gani, nami nitalipa bila kubishana."

Bila kubishana! Katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyenifanyia ubaya kama huo.

Kwa wiki nzima nimejaribu kutaja. Ng'ombe namjua, namtajia bei ya leo na ya wakati ule. Mbuzi nawajua. Majembe ya mwethya nitayagawa kwa watoto wa wale akina mama, hilo halina shida. Ninakwama kwenye kidato cha kwanza. Nikikiita karo ya mwaka mmoja ya siku zile, hainunui leo hata hilo blanketi nililouza nikiwa na bahasha chini ya kaunta. Nikikiita maisha yangu yote, najua nadanganya mnunuzi, maana duka ninalo na watoto wangu wamesoma. Kiko katikati pale, na mimi sijawahi kukiona ndani. Siwezi kuuza kitu nisichokiona.

Kwa hiyo nawauliza ninyi tuliofanya mtihani mwaka mmoja, mlioingia mabweni yale na masanduku yenu. Walifunza nini mwaka ule? Mlipotoka mlikuwa na nini ambacho hamkuingia nacho? Msiniambie haikuwa kitu, najua sauti ya mtu anayeshusha bei ili nisilie. Niandikieni Kikima, hata ukurasa mmoja. Nikishajua ni kitu gani kilichochukuliwa, nitamtajia kaka yangu bei, na nitaitaja mara moja tu.